Je, ninaweza kubadilisha boksi la usukani mwenyewe nyumbani?

Swali la msomaji: Nina pikapu ya zamani yenye usukani wa hidroliki. Kwa miezi kadhaa sasa oili inadondoka chini ya boksi la usukani, na nikiwa kwenye mwendo wa kasi ni lazima niuzungushe usukani kiasi cha upana wa kiganja kabla gari halijaitikia. Fundi mmoja alikaza skrubu iliyo juu ya boksi; usukani ukawa mzito na sasa haurudi wenyewe baada ya kona. Nimeshanunua boksi jingine lililokarabatiwa. Nina spana, jeki na sakafu ya zege nyuma ya nyumba. Je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe, na ni wapi watu hukosea?

Jibu:

Ndiyo, unaweza, na kwa pikapu ya aina yako kazi yenyewe haina mafumbo mengi. Kuna bolti tatu au nne zinazoshikilia boksi kwenye chesisi, mabomba mawili ya oili, kiungo kimoja kinachopokea shafti inayotoka kwenye usukani, na mkono mnene wa chuma unaotoka chini ya boksi kwenda kusukuma magurudumu. Mtu mwenye subira huimaliza kwa siku moja. Lakini nitakuwa nakudanganya nikikwambia kwamba ugumu uko kwenye bolti. Wengi wanaoishia na usukani uliopinda, au na boksi linalonguruma na kuvuja baada ya wiki mbili, walifungua na kufunga vizuri kabisa. Walichokosea ni kutafuta katikati, kusafisha oili na kutoa hewa. Kwa hiyo nitayapita haraka yale ambayo spana yako itayamaliza, na nitakaa zaidi kwenye hayo matatu.

Kabla hujagusa nati yoyote, hakikisha kwamba boksi ndilo lenye kosa, kwa sababu plei ya usukani, yaani kule kuzunguka bure kabla gari halijaitikia, ina wazazi wengi. Liache gari likiwa chini kwa matairi yake yote manne, injini imezimwa, kisha mwombe mtu akae kwenye kiti cha dereva na kuupeleka usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, umbali wa vidole vitatu tu kila upande, bila kuacha. Wewe simama mbele, boneti likiwa wazi, uangalie shafti inayoingia kwenye boksi na mkono unaotoka chini yake, ambao mafundi huuita mkono wa pitmani. Shafti ikizunguka na mkono ukachelewa kuifuata, ugonjwa umo ndani ya boksi. Mkono ukifuata papo hapo lakini fimbo iliyounganishwa nao ikachelewa, basi ni boljointi au tairodi endi, yaani viungo vya fimbo zinazokwenda kwenye magurudumu, iliyokwisha, na boksi jipya halitakusaidia chochote. Kuna na jambo la tatu ambalo husahaulika sana: usukani unazunguka, lakini shafti inayoingia kwenye boksi haifuati mara moja. Hapo kaplingi ya mpira au jointi ya msalaba iliyo kati ya usukani na boksi ndiyo iliyolika. Mwisho, weka kiganja kwenye boksi pale linapokutana na chesisi. Ukilihisi linajongea, ama bolti zimelegea ama chesisi imepasuka kuzunguka matundu yake, na ufa wa namna hiyo hauzibwi na boksi jipya.

Uvujaji nao una udanganyifu wake. Oili hufuata njia ya chini, hivyo oili inayotoka kwenye nati ya bomba la juu, au kwenye hozi ya kurudishia iliyolegea klempu, huteremka juu ya boksi lote na kudondokea chini kabisa, ikamfanya kila anayeangalia aseme kwamba sili ya chini, ule mpira unaozuia oili isitoke pembeni mwa shafti, imekufa. Osha boksi lote kwa kisafishia grisi, likaushe kwa kitambaa, washa injini, zungusha usukani mara chache, zima, kisha angalia kwa tochi ni wapi unyevu wa kwanza unatokea. Ukianzia kwenye shafti ya chini, juu kidogo ya mkono wa pitmani, sili ya shafti hiyo ndiyo inayovuja. Sili peke yake hubadilishwa bila kubadilisha boksi, lakini kwa dalili ulizozieleza, uvujaji pamoja na plei pamoja na uzito, mimi pia ningebadilisha boksi zima. Shafti inayocheza kwenye bushi zake huila sili mpya kwa muda mfupi.

Kuhusu skrubu aliyoikaza fundi wako, inafaa uelewe alichokifanya, kwa sababu jambo hilo hilo litarudi mwishoni mwa kazi. Ndani ya boksi kuna skrubu ndefu inayozungushwa na usukani. Juu yake hutembea nati kubwa ikibebwa na gololi, na ubavuni mwa nati hiyo kuna meno yanayosukuma meno ya shafti ya kutokea, ile inayoshika mkono wa pitmani. Pampu husaidia kwa kusukuma oili upande mmoja au mwingine wa nati, kutegemea na valvu iliyo juu inavyoamuru. Kanuni hii haijabadilika sana tangu Chrysler walipoanza kuuza magari ya abiria yenye usukani wa hidroliki mwaka 1951, na ndiyo maana maelezo haya yanafaa pikapu na magari mengi ya kazi yenye boksi la namna hii. Sasa, meno hayo yamechongwa kwa makusudi yabanane zaidi yanapokuwa katikati kabisa, ili gari likienda moja kwa moja pasiwe na plei, na yalegee kidogo unapokata kona. Kwa kuwa gari hutumia muda mwingi likienda moja kwa moja, meno ya katikati ndiyo yanayolika kwanza. Fundi anapokaza skrubu ya juu mpaka plei ya katikati iishe, meno ya pembeni ambayo hayajalika huweza kugandamizana, usukani ukawa mzito na ukakataa kurudi. Boksi ulilonunua limeshapimwa na kurekebishwa mezani. Usiiguse skrubu yake, hata kama mkono unakuwasha.

Liweke boksi jipya karibu na la zamani mara tu utakapolitoa, au hata kabla, ukiweza kuinama na tochi. Linganisha idadi na nafasi ya matundu ya bolti, unene na meno ya shafti ya juu, unene na meno ya shafti ya chini, na aina ya nyuzi za matundu ya oili. Nyuzi ndizo zinazowaponza wengi: boksi mbili zinaweza kufanana kama mapacha huku moja ikiwa na tundu la bomba lenye mdomo uliokunjwa na nyingine ikitumia oringi ya mpira, na nati ya moja ikiingia kwenye nyingine mizunguko miwili kisha ikakwama. Ukilazimisha hapo umeharibu boksi na bomba kwa pamoja. Hakikisha pia kwamba ukizungusha shafti ya juu kwenda kulia, shafti ya chini inaelekea upande ule ule wa boksi lako la zamani. Kuna maboksi yaliyotengenezwa kufanya kinyume kwa sababu ya mahali yanapokaa kwenye chesisi, na gari linaloelekea kushoto unapokata kulia si jambo la kugundulia barabarani.

Tukiwa bado mezani, fanya hesabu ambayo kazi yote itaitegemea. Funika matundu ya oili kwa kitambaa, kwa sababu boksi litatema mabaki ya oili ya majaribio, kisha zungusha shafti ya juu taratibu mpaka ifike mwisho upande mmoja. Weka alama. Izungushe kwenda mwisho wa pili ukihesabu mizunguko, mizima na vipande vyake. Maboksi mengi hupata kati ya mitatu na minne. Tuseme umepata mitatu na nusu: rudi nyuma mzunguko mmoja na robo tatu, na hapo ndipo katikati. Kwa vidole utahisi shafti ikiwa nzito kidogo inapopita mahali hapo. Ni yale meno yaliyobanana. Piga mstari wa rangi kutoka kwenye shafti hadi kwenye mwili wa boksi, na usiizungushe tena mpaka ifungwe kwenye gari.

Sasa gari. Lisimamishe mahali pa tambarare, nyoosha matairi ya mbele, weka vizuizi nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki kisha likalishe juu ya stendi zilizo chini ya chesisi. Jeki pekee haitoshi, na wala matofali si stendi. Matofali hupasuka bila kutoa taarifa. Ondoa waya hasi wa betri. Kama gari lina eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) kwenye usukani, subiri kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari kabla ya kugusa kitu chochote kwenye nguzo ya usukani. Baada ya hapo funga usukani usizunguke: mkanda wa kiti ukipitishwa kwenye usukani na kubanwa unatosha.

Hili la kufunga usukani nilijifunza kwa hasara. Miaka mingi iliyopita, nikifanya kazi kama hii kwenye gari la kaka yangu, nilichomoa shafti kutoka kwenye boksi nikauacha usukani huru, nikaenda kunywa maji. Mtoto wa nyumba akapanda kwenye kiti na kuuzungusha kwa furaha, sijui mara ngapi. Nilimaliza kazi, kila kitu kikaonekana sawa. Kona ya kwanza ya kulia nikasikia mlio mdogo nyuma ya usukani, kama karatasi ngumu inayochanika. Taa ya eabegi ikawaka na honi ikanyamaza. Chini ya usukani wa magari yenye eabegi kuna utepe wa nyaya ulioviringwa kama springi ya saa, ambao unaruhusu mizunguko michache tu kila upande kutoka katikati. Shafti ikiwa imefungwa kwenye boksi, boksi ndilo linalouzuia usukani usipitilize. Ukiichomoa, hakuna kinachouzuia. Hata kama pikapu yako haina eabegi, funga usukani, kwa sababu nafasi yake ndiyo kipimo chako cha katikati.

Nyonya oili kutoka kwenye kikopo cha pampu kwa sindano kubwa, uitie kwenye chombo cheupe ili uione vizuri. Oili nyekundu au ya rangi ya asali iliyo safi ni dalili njema. Iliyogeuka nyeusi na kunuka kuungua imezeeka. Iliyo na vumbi linalometameta kama rangi ya fedha unapoinamisha chombo juani imebeba chuma, na chuma hicho kimetoka ama kwenye boksi ama kwenye pampu. Ukikiona, jua kwamba pampu nayo inahitaji kukaguliwa, na kwamba mabomba yote lazima yasafishwe kabla boksi jipya halijaguswa na tone lolote la oili ile.

Fungua mabomba ya oili kwa spana maalumu ya nati za mabomba, ile inayoizunguka nati karibu yote na kuacha mwanya wa kupitishia bomba. Spana ya kawaida iliyo wazi hushika pembe mbili tu, na nati laini ya bomba huviringika kama sabuni. Mara bomba linapotoka, ziba mdomo wake na tundu lake. Usizibe kwa pamba wala kwa kipande cha nguo kinachochanika nyuzi. Tumia kofia ya plastiki au mfuko uliofungwa kwa mpira. Njia za oili ndani ya valvu ni nyembamba sana, na uzi mmoja wa kitambaa unaweza kuufanya usukani uwe mwepesi upande mmoja na mzito upande wa pili.

Kiungo kinachounganisha shafti ya usukani na boksi hushikwa na bolti moja inayobana. Piga alama ya rangi inayovuka kiungo na shafti, kisha uitoe bolti hiyo yote. Kuilegeza tu hakutoshi, kwa kuwa bolti hupita kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti, na watu wamepiga nyundo nusu saa nzima wakidhani ni kutu.

Mkono wa pitmani ndio sehemu ya kutoa jasho. Nati yake ni kubwa na imekazwa kwa nguvu ambayo kwenye magari mengi ni kati ya Newton mita 170 na 250, na mkono wenyewe umekaa kwenye meno yaliyochongwa kwa mteremko, hivyo umejikita kama kabari. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia siku ya kazi. Ilegeze nati boksi likiwa bado limefungwa kwenye chesisi, kwa sababu hakuna jiliwa la nyumbani litakaloshikilia vizuri kuliko chesisi yenyewe; lakini usiitoe yote, iache ishike nyuzi chache ili mkono usiruke. Piga alama kwenye mkono na kwenye ncha ya shafti. Kisha weka pula ya mkono wa pitmani, yaani kifaa cha kuuvuta utoke kwenye shafti, ikaze, na ukifika mahali inakataa kuzunguka, gonga kwa nyundo ubavuni mwa mkono, pale penye tundu lake. Mtikisiko huo pamoja na mvuto wa pula huutoa kwa mlio mkali unaoshtua, hata kama unautarajia. Usigonge kamwe ncha ya shafti, wala usitumie moto, kwa sababu oili iliyobaki inaweza kuwaka na joto linaweza kuudhuru ugumu wa chuma cha mkono ambao utaurudisha kwenye gari. Kama nafasi haitoshi kuingiza pula, chomoa boljointi ya fimbo iliyo upande wa pili wa mkono, toa boksi pamoja na mkono wake, na umalizie kwenye meza.

Bolti za chesisi ni za mwisho. Boksi huzidi kilo 10 kwa urahisi na limepakwa oili, hivyo kabla ya kutoa bolti ya mwisho weka jeki ndogo chini yake au mtu wa kulipokea. Likishatoka, piga brashi ya waya kuzunguka matundu ya chesisi, pande zote mbili, na uangalie kwa tochi kama kuna ufa unaoanzia kwenye tundu. Kama upo, kazi inasimama hapo hadi mchomeleaji anayejua chesisi atakapoiangalia. Angalia pia vibomba vya chuma ambavyo baadhi ya chesisi huwa navyo ndani ya matundu ili zisibonyee bolti zinapokazwa, visipotee.

Kabla ya kupandisha boksi jipya, osha mfumo. Oili chafu iliyobaki kwenye pampu na mabomba ndiyo sababu kubwa ya maboksi yaliyokarabatiwa kufa mapema, na lawama huenda kwa aliyekarabati. Badilisha hozi ya kurudishia kama imekuwa ngumu au ina nyufa. Lile bomba la mgandamizo lioshe kwa oili safi na kulipuliza mpaka kinachotoka kiwe safi. Likionekana kuvimba popote, usilirudishe, kwa sababu pampu hufikisha mgandamizo wa bar 70 hadi 100 usukani unapogota mwisho. Kikopo cha pampu nacho kikaushwe, na chujio lililomo ndani yake, kama lipo, lisafishwe.

Sasa pandisha boksi likiwa kwenye katikati uliyoipata mezani. Anzisha bolti zote kwa mkono, kila moja ikiwa imeshika nyuzi vizuri, ndipo uzikaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Ingiza shafti ya usukani, usukani ukiwa bado umenyooka, na hakikisha bolti ya kiungo imepita kwenye mfereji bila kulazimishwa. Mkono wa pitmani mara nyingi una meno mapana au nafasi zisizo na meno zinazouruhusu ukae kwa namna chache tu. Upandishe kwa kufuata alama, ukaze nati kwa toki kamili. Palipo na nati ya mataji, yaani yenye mapengo juu, na spliti pini inayopita humo kuizuia isilegee, tundu lisipolingana, kaza mbele kidogo hadi lilingane. Usirudi nyuma. Spliti pini ni mpya kila mara. Ile ya zamani iliyokunjwa na kunyooshwa imeshachoka.

Mabomba yafungwe na oringi mpya au washa mpya za shaba, kutegemea na muundo, nati zikianzishwa kwa vidole. Oili ni ile iliyotajwa kwenye kitabu au kwenye kifuniko cha kikopo. Pikapu nyingi za zamani hutumia oili ya gia za otomatiki ya kiwango cha Dexron, lakini kuna magari yanayotaka oili yake maalumu, na hizi hazichanganywi kwa kubahatisha. Oili ya breki isiingie humo hata kijiko kimoja, maana huvimbisha na kulainisha sili zisizotengenezwa kwa ajili yake.

Kutoa hewa ndiko kunakowashinda wenye haraka. Jaza kikopo, kisha injini ikiwa imezimwa na magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa, zungusha usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mara 15 hadi 20, ukiongeza oili kila inaposhuka. Utaona mapovu yakipanda kwenye kikopo, makubwa mwanzoni, kisha madogo kama ya soda, kisha hakuna. Pumzika dakika chache, rudia. Ndipo urudishe waya wa betri na kuiwasha injini kwa sekunde chache tu, uzime, uangalie kiwango tena. Oili ikiwa imegeuka rangi ya maziwa yenye maji, hewa imechanganyika nayo. Usiendelee kuzungusha, bali iache itulie, hata kama ni nusu saa, mpaka irudi kuwa angavu. Mtu anayewasha injini mara moja na kuuzungusha usukani kwa nguvu huikoroga hewa hiyo iwe povu, na povu hulia ndani ya pampu kama mbwa anayelalamika. Kikopo kisikauke hata mara moja injini ikiwaka, kwa sababu pampu hulainishwa na oili hiyo hiyo. Na usukani ukifika mwisho, usiushikilie hapo zaidi ya sekunde tano. Mgandamizo unakuwa juu kabisa na oili inachemka.

Limebaki jambo la usukani uliopinda. Shusha gari, endesha kwa mwendo mdogo mahali pasipo na watu wala magari, likielekea moja kwa moja. Huenda ukakuta usukani umeinama kidogo kushoto au kulia. Wengi hapa huvua usukani na kuurudisha jino moja au mawili pembeni ili uonekane umenyooka, na macho yanaridhika. Lakini kumbuka yale meno yanayobanana katikati. Usukani uliinama kwa sababu boksi haliko katikati yake wakati magurudumu yamenyooka. Ukiuhamisha usukani, boksi linabaki palepale, likifanya kazi pembeni, penye meno yaliyolegezwa kwa makusudi. Utakuwa na boksi jipya lenye plei ya boksi la zamani, na utarudi kuilaumu ile skrubu ya juu. Njia sahihi ni kuuweka usukani katikati, kwenye alama yako, kisha kurekebisha urefu wa fimbo inayotoka kwenye mkono wa pitmani mpaka magurudumu yanyooke. Fimbo hiyo huwa na kipande chenye nyuzi kinachozungushwa baada ya kulegeza klempu zake. Ukishamaliza, peleka gari likafanyiwe alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa magurudumu, na mweleze anayelipima kwamba usukani umewekwa katikati ya boksi kwa hesabu, asiuvue. Kama gari lina mfumo wa kudhibiti kuteleza, kihisi cha pembe ya usukani kinaweza kuhitaji kusetiwa upya kwa kompyuta.

Yote haya ni ya boksi. Msomaji mwingine mwenye gari dogo atakuta halina boksi bali reki ndefu iliyolala kati ya magurudumu mawili. Kanuni za katikati, usafi na hewa ni zile zile, ila hapo huhesabu mizunguko ya tairodi endi inapotoka ili irudi kwa idadi hiyo hiyo, na mara nyingi ni lazima kushusha fremu ndogo inayobeba injini, kazi ambayo nisingempa anayeanza. Usukani unaosaidiwa na mota ya umeme mwachie mwenye kompyuta ya gari husika.

Safari za kwanza ziwe fupi na karibu. Baada ya siku moja kagua kiwango cha oili na upitishe karatasi nyeupe kwenye kila kiungo cha bomba. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halijauona. Baada ya wiki moja rudia toki ya bolti za chesisi na ya nati ya mkono wa pitmani, baada ya kutoa spliti pini kama ipo na kuweka mpya. Oili ya zamani itie kwenye chupa yenye kifuniko uipeleke wanakopokea oili chakavu. Boksi la zamani lioshe ulihifadhi, kwa kuwa wakarabati wengi hulihitaji kama badala, na mara nyingi sehemu ya bei uliyolipa hurudishwa ukilipeleka likiwa halijafunguliwa.